Mashahidi wa Kale wa Korogwe na Handeni

Husemwa mara kwa mara, na hata na watu wenye elimu yao, kwamba historia ya nchi yetu yapatikana pwani peke yake. Mtu atakaye kuonyeshwa mambo ya kale huelekezwa Kilwa, au Kaole, au Tongoni karibu na Tanga, ambako kuta za misikiti na makaburi ya mawe bado zaonekana kwa macho. Ama bara, tuambiwavyo, hakukuwa na kitu ila pori, na watu wake walikaa wakingoja mpaka msafara wa kwanza ulipowafikia. Watoto wetu huyasikia hayo, nao wakirudi nyumbani humtazama babu yao wa Handeni kana kwamba ametoka mahali pasipo na jana.

Jambo hili latuhusu, maana jamaa zetu nusu ni watu wa Korogwe na nusu ni watu wa Handeni. Kwa hiyo tuliona vema kutoka tukawaulize wenye kujua. Tulizungumza na wachimbuzi wa mambo ya kale, ambao siku hizi huitwa wanaakiolojia, na walimu wa historia, na wazee wa vijijini. Haya tuyaandikayo ni machache katika mengi tuliyoyasikia. Kwa njia ya gari, toka Korogwe mpaka Handeni ni kilomita 65 hivi. Lakini kwa miaka, mazungumzo hayo yalituchukua nyuma karne 17.

Tulianza na udongo. Bwana mmoja afundishaye akiolojia, ambaye tulikutana naye Korogwe, alitupa mkononi kigae cha chungu, kidogo kuliko kiganja, chenye michoro ya pembetatu iliyokwaruzwa shingoni. Tukamwuliza, "Bwana, vigae kama hivi mama zetu huvitupa jalalani kila siku. Chaweza kusema nini?"

Akacheka, akajibu, "Hiyo ndiyo faida yake. Dhahabu huibwa ikayeyushwa, na mbao huliwa na mchwa. Kigae hakuna akitakaye, kwa hiyo hubaki."

Kisha akatueleza kwa utaratibu. Wafinyanzi wa kila zama walikuwa na mtindo wao wa kuchora vyungu, kama vile wanawake wa zama hizi walivyo na mitindo ya kanga. Mwenye kuijua mitindo hiyo aweza kukitazama kigae akasema ni cha karne gani. Katika mwaka 1967 mtaalamu Robert Soper alieleza habari za vyungu vya kale sana alivyovichimbua Kwale, kusini ya Mombasa, ambavyo umri wake wafika karne ya 3 baada ya Nabii Isa. Vyungu vya namna hiyo hiyo vilionekana pia katika milima ya Usambara na Upare. Basi na tufikiri: miaka 300 hivi kabla ya Hijra ya Mtume wetu, walikuwako katika milima hii watu waliofinyanga, waliofua chuma na waliolima.

Tukauliza umri huo wajulikanaje, maana chungu hakiandikwi tarehe. Akasema kwamba pamoja na vigae hupatikana makaa ya meko. Kila kitu kilicho hai, mti au mnyama, kina ndani yake aina fulani ya kaboni ambayo huanza kupungua kitu kile kinapokufa, na nusu yake huisha katika muda wa miaka 5,730 hivi. Wataalamu hupima kilichobaki katika makaa, wakajua mti ule ulikatwa lini. Njia hii iligunduliwa na Willard Libby na wenziwe huko Chicago mwishoni mwa miaka ya 1940, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1960.

Ama kigae kile tulichokishika kilikuwa cha namna iliyokuja baadaye, tangu karne ya 7 hivi. Vyungu vyenye pembetatu hizo vimechimbuliwa toka mwambao wa Kenya mpaka kusini ya Tanzania, katika visiwa na katika bara. Jonathan Walz, aliyetafiti bonde la chini la mto Pangani na kuandika tasnifu yake mwaka 2010, alivikuta karibu na Mombo, chini ya milima ya Usambara, wilayani Korogwe. Pamoja navyo alikuta shanga zilizochongwa kwa makombe ya bahari, na shanga za kioo zilizotoka ng'ambo.

"Sasa niambieni," akasema yule bwana, "kombe la bahari lilifikaje Mombo miaka elfu na zaidi iliyopita? Halina miguu."

Jawabu lake ni kwamba watu walikuwa wakipita. Njia ile ya kandokando ya mto Pangani, ambao wenyeji huuita Ruvu, na kisha ya bonde la Mkomazi, ilikuwa njia kabla hakijazaliwa kizazi cha mtu yeyote tumjuaye kwa jina. Misafara ya pembe katika karne ya 19 iliikuta tayari. Hata Wajerumani walipojenga reli yao kutoka Tanga, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, kutoka Korogwe kwenda mbele walikuwa wakiifuata njia ya watu wa kale.

Liko jambo kubwa zaidi. Ikiwa chungu cha Mombo na chungu cha pwani vilichorwa kwa mkono mmoja, basi watu wa bara na watu wa pwani walikuwa jamaa. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kitabu chake cha mwaka 1994 juu ya pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza, alishikilia kwamba mizizi ya watu wa miji ya Waswahili imo katika wakulima na wafua chuma wa Kiafrika. Wageni walikuja kweli, wakaleta biashara, na dini, na damu pia; lakini waliwakuta wenyeji. Kwa hiyo mtu wa pwani amdharauye mtu wa bara amdharau mjomba wake.

Yule bwana alitutajia pia kazi ya Thomas Biginagwa, Mtanzania, aliyechimba katika vituo vya misafara ya karne ya 19 huko Ngombezi na Korogwe ya zamani, kisha akatoa tasnifu yake mwaka 2012, yaani miaka michache tu baada ya ile ya Walz. Yeye hakutafuta hazina. Alihesabu mifupa, ya mifugo na ya wanyama wa porini na ya samaki, apate kujua watu walikula nini na waliwauzia wapagazi nini. Tuliona ajabu kwamba jalala la jikoni laweza kuwa kitabu. Lakini ndivyo lilivyo, kwa kuwa jalala halina sababu ya kumsifu mtu wala kumtukana.

Baada ya udongo tukaingia katika kalamu. Mwalimu mmoja wa historia, aliyetukaribisha kwake kwa kahawa, alitupa onyo. "Msidhani kilichoandikwa ni kweli kwa kuwa kimeandikwa," akasema. "Kitabu ni shahidi, na shahidi huulizwa." Akatoa mfano wa kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1, ambacho chataja soko la pwani yetu liitwalo Rhapta. Wengine husema lilikuwa penye mdomo wa mto Pangani, wengine husema Rufiji. Kalamu imetoa ushahidi, lakini udongo bado haujautia sahihi.

Kisha akatutajia kitabu kilicho karibu nasi zaidi, nacho ni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi lAjjemy, Mwislamu aliyeishi miongoni mwa watawala wa Usambara akayashuhudia mengi ya vita vyao. Aliandika kwa Kiswahili, na chapa iliyotayarishwa na J. W. T. Allen ilitoka mwaka 1962. Humo mna habari ya Mbegha, mwindaji aliyetoka milima ya Nguu, upande wa Kilindi, akaenda Usambara, akawaondolea watu nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, mwishowe akafanywa mfalme. Kilindi hiyo leo ni jina la wilaya, iliyokatwa katika Handeni mwaka 2002.

Tukamwuliza Mwalimu, "Je, habari ya Mbegha ni kweli?"

Akasema, "Nyinyi mmesoma madrasa. Mkisikia hadithi ya Mtume, mwauliza nini kwanza?"

Tukajibu kwamba kwanza huulizwa isnadi: nani kapokea kutoka kwa nani, na kila mmoja wao alikuwa mtu wa namna gani.

"Basi kazi yetu ndiyo hiyo," akasema. "Tofauti ni kwamba sisi wapokezi wetu ni dhaifu zaidi, kwa hiyo hatupati yakini kama mpatayo nyinyi. Tunapata uwezekano, na tunausema hivyo."

Akaeleza kwamba Steven Feierman, ambaye alikaa Usambara miaka ya 1960 akiwasikiliza wazee na kutoa kitabu chake mwaka 1974, aliisikia habari ya Mbegha kwa vinywa vingi. Aliona kwamba sehemu nyingine za masimulizi zimepangwa ili kufundisha maana ya ufalme: mtu wa porini aliyeingia nyumbani, mla nyama aliyewatawala walimaji. Hata hivyo msingi wake haukupotea, yaani kwamba utawala mpya uliinuka Vugha katika karne ya 18, na kwamba mwanzilishi wake alikuwa mgeni. Mzungu Krapf alipofika kwa Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848, na Burton na Speke mwaka 1857, waliukuta ufalme huo, nao waliandika waliyoyaona. Hapo ulimi na kalamu vilikutana.

Siku ya tatu tulivuka kwenda Handeni. Huko tulikuwa na hamu ya kujua neno moja, maana Handeni imepata sifa ya kuwa nchi ya njaa. Mwalimu alikuwa ametuambia mapema kwamba sifa hiyo si ya kale. James Giblin, mwanahistoria aliyewahoji wazee wa Handeni katika miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu mwaka 1992, alionyesha kwamba katika karne ya 19 watu wa Uzigua walijua namna ya kuishi na ukame. Wakuu wao walikusanya nafaka wakawalisha waliokuwa chini yao, na kwa kulima na kufyeka waliweka mbung'o na kupe mbali na ng'ombe wao. Ukoloni ulipotwaa kodi na vibarua, akiba zile zikaisha, msitu ukarudi, ng'ombe wakafa. Kwa hiyo pori ambalo mgeni huliona akadhani liko tangu kuumbwa dunia, mahali pengine ni shamba la mtu aliyeshindwa.

Lakini njaa za kale zilikuwako pia, na moja yao haijasahauliwa. Tulimwendea mzee mmoja mwenye umri zaidi ya miaka 80.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, kaeni."

Tulimwuliza juu ya Kidyakingo, njaa ya miaka ya 1830, ambayo jina lake lina maana ya kula ngozi. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba watu walizipika ngozi walizokuwa wakizilalia. Katika ukoo wake kijana mmoja alishuka pwani kutafuta chakula, hakurudi. "Jina lake huwapa watoto wetu," akasema, "lisipotee."

Nasi, kwa kuwa tulikwisha fundishwa, tukauliza, "Mzee, nani alikuambia?"

"Bibi yangu, mzaa baba."

"Naye?"

"Bibi yake, ambaye aliiona kwa macho."

Tazameni, wasomaji wetu: kati ya mzee yule na jambo lililokwisha pita karibu miaka 190, walisimama watu wawili tu, nao ni akina bibi wawili.

Je, ushahidi huo una wa pili yake? Unaye, naye alikaa mbali sana. Wazigua wengi walioshuka pwani kwa njaa ile waliahidiwa chakula na kazi, wakapakiwa majahazini, wakauzwa utumwani Somalia. Baadhi yao wakatoroka, wakakaa katika misitu ya mto Juba. Na wazao wao humtaja mwanamke mmoja, Wanankhucha, aliyewaongoza katika kutoroka huko. Kwa vizazi vingi walisema Kizigua, katikati ya watu wasiokijua. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, wazao hao walikimbia. Wengi waliingia Kenya, maelfu wakapelekwa Marekani tangu mwaka 2003, na wengine wakaja Tanzania, kwa kuwa walikuwa wameambiwa na wazee wao kwamba huku ndiko kwao. Serikali iliwapa makao katika wilaya ya Handeni, Mkuyu na kisha Chogo, na wengi baadaye wakapata uraia.

Huko Chogo tulizungumza na bibi mmoja aliyezaliwa kandokando ya Juba. Alisema, "Siku za kwanza tulisikia wanawake kisimani wanasema maneno ya mama zetu. Hapo tukajua tumefika."

Mwanaakiolojia hana chombo cha kuchimbua neno. Lakini wataalamu wa lugha wanacho chao, nao walipolinganisha waliona kwamba Kizigua cha Juba na Kizigua cha Handeni ni ndugu wa karibu, kama masimulizi yalivyodai. Mzee wa Handeni alisema, "Walikwenda hawakurudi." Bibi wa Juba akasema, "Tulichukuliwa, tukakumbuka." Mashahidi wawili, ambao hawakupata kuonana, walitoa neno moja.

Hapa yatupasa kusema jambo ambalo si tamu katika kurasa kama hizi. Wale waliowapakia wenye njaa majahazini walikuwa wafanyabiashara wa pwani, na wengi katika hao walisali kama tusalivyo sisi. Tena wako wakuu wa Wazigua na wa Wakilindi ambao miaka iliyofuata waliwakamata jirani zao wakawauza Pangani. Tumewasikia ndugu wengine wakisema, "Haya yaacheni, yatawafurahisha maadui." Sisi hatuoni hivyo. Qurani yatuamuru tusimame imara katika uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata ukiwa juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimwonya kwa onyo kali mtu amwuzaye mtu huru kisha akala thamani yake. Basi waliotenda hayo waliivunja sheria ya dini waliyoikiri, na kuwaficha si kuitetea dini. Mtoto wa Kiislamu akiyasikia haya kwanza kwa baba yake, kwa maneno ya haki, hatayumbishwa atakapoyasikia nje.

Sasa tuseme juu ya hatari iliyopo. Udongo waharibiwa. Mashamba hulimwa kwa trekta, matofali hufyatuliwa penye viwanja vya kale, na kila mwaka vijana huchimba usiku wakitafuta mali waliyoambiwa Mjerumani aliificha. Hatujaonana na hata mmoja aliyetajirika. Lakini tuliona mahali walipopita: vigae vimetawanywa, tabaka za udongo zimechanganyika, na hata makaburi yametobolewa. Yule bwana wa akiolojia alisema kwamba kigae kilichotolewa mahali pake ni kama ukurasa uliochanwa katika kitabu usiojulikana ni wa ngapi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba bila ruhusa. Na heshima ya maiti katika kaburi lake haikungojea sheria hiyo.

Ulimi nao wafungwa kila siku. Wazee wanakufa, na vijana wa Handeni walio mjini hawakisemi Kizigua hata na mama zao. Waliokaa utumwani Juba walikihifadhi kwa muda wa miaka 150 na zaidi. Itakuwa aibu kubwa sisi tulio huru tukipoteze katika vizazi viwili.

Tulimwuliza Mwalimu, "Watu wa nyumbani, wasio na chuo wala maabara, wafanye nini?" Naye akataja mambo yasiyogharimu kitu. Ukiokota kigae au shanga shambani, usikiondoe. Tia alama mahali pale, ukampe habari Afisa Utamaduni wa wilaya. Mkikaa na babu au bibi, mmoja aandike: jina la aliyesema, nani alimwambia, mwaka na mahali. Andikeni kwa maneno yake mwenyewe, na kwa lugha yake ikiwezekana, wala msimsahihishe. Wazee wawili wakitofautiana, andikeni yote mawili. Atakayekuja baadaye atayapima.

Tulipouliza ni daftari la namna gani lifaalo, alisema la shule latosha. Sisi tumekwisha nunua letu, na ukurasa wa kwanza una jina la yule kijana wa ukoo wa mzee wetu aliyeshuka pwani asirudi, na chini yake majina ya akina bibi wawili waliolileta mpaka kwetu. Mwenyezi Mungu awarehemu, na atujaalie sisi nasi tuwe wapokezi waaminifu. Amin.